Saa Kumi na Moja Jioni

Tulikwenda watano, mwaka wa tatu wa uuguzi,
makoti yamepigwa pasi hadi yanakata,
na mimi na bango langu:
ini jekundu la mzima, ini jeusi la mlevi,
nimeyachora usiku kucha
kwa kalamu za rangi za mdogo wangu.
Kituo kiko nyuma ya soko, mji wa miwa, Pernambuco.
Feni ya dari inazunguka kama iliyosahau inakokwenda.
Viti kumi na vinne.
Wakaja kumi na mmoja.

Edivania alianza, sauti ya redioni:
pombe ni sumu, kwanza kwa ini, pili kwa moyo,
tatu kwa familia.
Alipofika familia
mama mmoja akafungua mkoba, akafunga,
akafungua tena,
hakutoa kitu.

Tukagawa kadi. Kijani kweli, nyekundu uongo.
Pombe huua.
Kijani kumi na moja hewani kwa mpigo,
kama watoto waliokaririshwa.
Ulevi ni ugonjwa.
Kijani.
Mtu akitaka kuacha, ataacha.
Hapo kadi zikabaki mapajani.
Nyuma ya karatasi yetu jibu lilikuwa limeandikwa: kweli.

Akasimama Genivaldo,
mkata miwa miaka ishirini na sita, vidole vinane.
Akalisogelea bango, kichwa kaupande.
"Binti, ini umelipindua.
Nimechinja ng'ombe, nimechinja nguruwe,
ini nalijua kwa kulishika."
Akalibandua, akaligeuza,
akalibandika kwa gundi ile ile.
Watu wakacheka. Nami nikacheka, masikio yakiwaka.

Kisha, uso bado ukutani:
"Kwamba inaua tunajua. Nimezika ndugu wawili.
Miwa niliikata mimi,
ikaingia kiwandani, ikatoka kwenye chupa,
ikanikata.
Haya ya ini, ahsante.
Ila niambie kitu kimoja tu:
saa kumi na moja jioni, king'ora kikilia,
miguu yangu inajua njia moja.
Niipeleke wapi?"

Nikafunua kitabu. Ukurasa huo haukuwamo.
Profesa Neuza, pale mlangoni,
alikuwa akifuta miwani isiyo na vumbi.

Jumatatu tukaambiwa: andikeni mtazamo wenu
juu ya elimu ya afya kwa walevi,
ukurasa mmoja, pambizo pana.
Ulisses akaandika: ujumbe ulipokelewa vizuri.
Edivania akaandika: hawako tayari kubadilika,
akafuta, akaninong'oneza
kubadilika huanza siku gani.
Mimi niliandika, mwenye kovu usidhani kapoa,
na mwenye koti jeupe usidhani kajua.
Nikapewa alama sita,
na wino mwekundu: *rejea ziko wapi?*

Alhamisi nilirudi bila bango,
saa kumi na nusu,
na domino za babu, moja imepotea,
mahali pake kipande cha kadibodi chenye nukta za wino.
Walikuwa wanne. Yule mama wa mkoba, Lindaura, alikuwepo.
Safari hii akakitoa:
kadi ya chanjo ya mjukuu wake,
tarehe imepita miezi mitatu.
"Hii bado inafaa, au wataniuliza nilikuwa wapi?"
Inafaa, nikasema. Hilo nalijua.
Mpeleke kesho asubuhi. Nitakuwa pale dirishani,
na wakiuliza, wataniuliza mimi.
Lilikuwa somo langu la kwanza, na halikufika dakika moja.

King'ora kikalia.
Chini ya meza nikaiona miguu ya Genivaldo,
kisigino kimenyanyuka, kimeshuka,
kimenyanyuka.
Ya Ijumaa siyajui, wala sikuyauliza.
Vidole vinane vilikuwa vimeshika kipande cha kadibodi,
vinakigeuza, vinakigeuza.
Ilikuwa zamu yake.
Tukamngoja acheze.